Kufika kilele cha Elephant Hill kwa siku moja kutoka Nairobi: mwongozo kamili kwa waliokwama njiani

Kila kiangazi ujumbe ninaoletewa ni ule ule: tulitoka kwenye mianzi, tukaona kilele bado kiko mbali, tukarudi. Wanaouandika si wavivu. Wengi wao hukimbia Karura kila wikendi na Longonot wameizunguka. Lakini Elephant Hill, kilima cha kusini mwa safu ya milima ya Aberdare kilicho juu ya mji wa Njabini, huwarudisha nyumbani mikono mitupu.

Ukiwauliza mambo yalikwendaje, majibu hayapishani sana. Walianza kutembea jua limeshapanda, na nguo zao zililowa mapema. Miguu huchoka baadaye kabisa, na mara nyingi huchoka kwa sababu ya hayo mawili. Basi kila hatua hapa chini ina shabaha moja: uwe kileleni kabla ya saa saba mchana, na uwe na nguo kavu mwilini au mkobani.

Mlima wenyewe uko hivi. Kilele kinazidi mita 3,500. Kwenda na kurudi ni mwendo unaokaribia kilomita 20, na kikundi cha kawaida huchukua saa saba hadi kumi. Kituo cha msitu unapoanzia hakipitwi sana kwa kimo na kilele cha Longonot, chenye mita 2,776. Pale ulipozoea kumalizia, hapa ndipo unapoanzia.

## Vitu vya kuwa navyo

Buti. Za mtumba kutoka Gikomba au Toi zinafaa kabisa, ila zikague kabla ya kulipa. Kunja kiatu kwa mikono miwili, kisha ubonyeze kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo kati ya soli na ngozi. Ikibonyea na kurudi, sawa. Ikitoa ungaunga au ufa mwembamba, kirudishe hata kama juu kinang'aa. Soli za aina hiyo huoza zikiwa zimewekwa tu stoo, na zikikutana na tope la mianzi hubanduka mzima mzima. Gambuti wanazovaa wenyeji zinastahimili tope, lakini kwenye mteremko mguu huteleza ndani yake. Mimi ningechukua buti.

Nguo. Jezi ya mpira wa miguu ndiyo nguo bora ya kuvaa karibu na ngozi: haishiki maji na hukauka ukitembea. Fulana ya pamba na jinzi ziache nyumbani. Zikilowa hazikauki siku hiyo, na zinakunyonya joto la mwili. Juu ya jezi weka sweta la sufu au jaketi laini la manyoya ya kutengenezwa. Koti la mvua lijaribu nyumbani: livae, simama chini ya shawa dakika tano, kisha pitisha mkono ndani mabegani na kwenye mishono. Ukigusa unyevu, tafuta jingine.

Nguo za akiba. Jezi moja, sweta moja, soksi mbili, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Huo mfuko haufunguliwi hadi juu. Ukiufungua kwenye mianzi kwa sababu umesikia baridi kidogo, utafika kileleni huna kitu kikavu.

Glavu pea mbili. Za mjengo, zile za duka la hadiwea, kwa ajili ya mianzi. Za sufu kwa ajili ya juu.

Maji lita tatu, katika chupa za chuma au za kutumika tena na tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi na misitu ya serikali, kwa hiyo maji ya chupa za dukani yanaweza kukukwamisha getini.

Chakula kinacholiwa ukisimama, tena kwa mkono wenye baridi: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, nduma, njugu. Chokoleti na biskuti ziwe nyongeza. Mbebee pia chakula askari wa msitu atakayewasindikiza.

Mengine: tochi ya kichwani hata kama mnapanga kurudi mchana, filimbi, fimbo ndefu ya kukufikia kiunoni, kitambulisho, pawabenki, na simu iliyopakuliwa ramani ya kutumia bila mtandao, kama vile OsmAnd. Iweke simu katika hali ya ndegeni. Mtandao huko juu hukatikakatika, na simu inayotafuta mtandao siku nzima huisha chaji kabla ya saa nane.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua siku

Januari na Februari ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Juni hadi Septemba mvua ni chache, ila Julai Aberdare hufunikwa na ukungu na baridi yake ni ya kweli. Masika, Machi hadi Mei, yaache. Njia ya mianzi hugeuka mfereji, na hata wenye nguvu huishia kutambaa. Vuli nayo, Oktoba hadi Desemba, hubahatisha.

Angalia pia siku tatu zilizotangulia. Jua la leo halikaushi tope la juzi, maana ndani ya mianzi mwanga haufiki chini. Mpigie mtu wa Njabini umuulize swali moja tu: imenyesha tangu lini? Jibu likiwa "jana usiku", ongeza saa nzima kwenye hesabu yako au uahirishe.

## Hatua ya 2: Jipime kabla hujalipa

Anza na milima mitatu ya jirani, kwa mpangilio huu. Ngong kwanza, kutoka geti la KFS, shirika la misitu la Kenya, hadi kilele chake cha Lamwia, mita 2,460, na kurudi, ukiwa na mkoba wenye uzito ule ule utakaobeba. Kisha Kilimambogo, mita 2,145, karibu na Thika. Njia yake ni barabara ya kilomita tisa hadi juu, na kwa kuwa mbogo wapo kweli, utazoea kutembea nyuma ya askari na kumsikiliza. Mwisho Longonot, geti hadi ukingo wa kreta, mzunguko wote, na kurudi.

Longonot ndiyo mtihani. Ukiumaliza mzunguko wote na kurudi getini chini ya saa tano, na kesho yake unashuka ngazi za nyumbani bila kushika ukuta, uko tayari. Ukichukua saa saba, hujashindwa. Rudia baada ya wiki mbili. Ninasisitiza hapa kwa sababu Elephant Hill haikupi mahali pa kukatisha safari. Hakuna boda boda ya kukuchukua katikati.

## Hatua ya 3: Panga kibali na askari mapema

Njia inaanzia kituo cha msitu cha KFS cha Njabini. Wasiliana nao siku kadhaa kabla, uwaambie idadi ya watu na saa mtakayofika. Uliza ada zote zinazohitajika, maana Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori, ni jirani. Lipa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya malipo, kabla ya siku yenyewe. Nimeona vikundi vikipoteza dakika arobaini getini kila mtu akihangaika na nenosiri alilolisahau.

Askari mwenye silaha si pambo la safari. Ndovu na nyati hupita humo humo mnamopita ninyi. Mkiwa wengi ombeni askari wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa sababu mianzi hukata kikundi vipande vipande na asiye na askari karibu ndiye anayekutana na nyati. Ukifika, msalimu kwa adabu na umpe hesabu: "Shikamoo Afande. Tuko tisa, wawili ni mara yao ya kwanza." Hiyo sentensi ya pili ndiyo atakayopangia mwendo.

## Hatua ya 4: Lala Njabini

Hii ndiyo hatua wanayoiruka watu, na hapa ndipo kilele kinapopotelea.

Matatu za kwenda Njabini hupakia upande wa Nyamakima, na matatu haiondoki mpaka ijae. Ukiamka saa kumi usiku, ukafika stendi saa kumi na moja, bado unaweza kukaa kitini ukingoja abiria. Halafu kuna barabara ya Nakuru hadi Flyover, kisha mchepuko wa kulia hadi Njabini, kisha boda boda hadi kituoni. Utaanza kupanda saa tatu au saa nne. Ukianza saa nne, saa saba mchana itakukuta bado una mwendo mrefu mbele yako, na jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu mwaka mzima.

Toka Nairobi Ijumaa alasiri. Loji za Njabini ni za kawaida na zinatosha. Kula githeri au ugali wa moto, andaa mkoba, kata kucha za miguu, lala mapema. Faida ya pili ni kwamba mwili unapata usiku mmoja kwenye kimo cha juu kuliko Nairobi, na kichwa kitakushukuru kesho.

Kama ni lazima mtoke mjini usiku huo huo, kodini matatu nzima, ya abiria 14, na mkubaliane na dereva kwa maandishi kwamba itaondoka saa tisa usiku. Dereva huyo awangoje Njabini hadi jioni, tena apate mahali pa kulala mchana. Atawarudisha gizani.

Mkiwa kituoni saa kumi na mbili unusu asubuhi, viatu vimefungwa na malipo yamekwisha, nusu ya kazi mmeimaliza.

## Hatua ya 5: Saa ya kwanza, mashambani na kwenye miti ya kupandwa

Njia ni pana na mwinuko ni mpole, na hapo ndipo wenye mbio hujimaliza. Kipimo ni mdomo wako: uweze kusema sentensi nzima bila kukata. Ukikata, punguza.

Weka mtu wa polepole zaidi nyuma tu ya askari wa mbele. Watu huona hilo kama aibu, kumbe ndilo linalookoa kikundi. Akiwa mwisho, kila anapowafikia mliopumzika, ninyi mnaondoka, yeye hapumziki hata mara moja.

Vua sweta kabla hujatokwa jasho. Ingia kwenye mianzi ukisikia ubaridi kidogo.

## Hatua ya 6: Mianzi

Humu mna giza, tope na mwinuko mkali. Njia ni nyembamba, mara nyingine ni mkondo wa maji uliokauka nusu, na majani yaliyooza yanafunika mizizi. Vaeni glavu za mjengo.

Kuna mambo manne ya kuangalia. Shika mwanzi mbichi wa kijani, ulio hai. Ule wa kahawia hukatika ukiuegemea. Vishina vya mianzi iliyokatwa vimechongoka kama mkuki na vinaelekea juu, hivyo ukiteleza kaa kitako, usitangulize kiganja. Thabai, majani yanayowasha, huota pembeni, ndiyo sababu ya suruali ndefu. Na mizizi iliyolowa inateleza kuliko tope lenyewe: kanyaga kati ya mizizi.

Ongeeni sauti ya kawaida ili wanyama wasishtuke, lakini spika ya muziki isiingie. Askari anatumia masikio. Mkikuta kinyesi cha ndovu kikiwa na unyevu na joto, simameni, mwacheni aamue. Akisema mgoje, mnangoja. Akisema mrudi, mnarudi, na hakuna la kujadili.

Kila saa pumzikeni dakika tano, mkisimama, na kila mtu ale kitu hata kama hana njaa. Anayengoja njaa ataipata kwenye baridi, na hapo chakula hakishuki.

Mkitoka kwenye mianzi kabla ya saa nne asubuhi, mko kwenye ratiba. Geukeni mtazame nyuma: siku ya uwazi mtaona bwawa la Sasumua, ambalo maji yake hunywewa Nairobi.

## Hatua ya 7: Kutoka mianzi hadi Point of Despair

Hapa ndipo barua zote zinapokomea. Miti inaisha, upepo unaanza, na mbele kinaonekana kilima. Mnakipanda. Mkifika juu yake, kinatokea kingine kirefu zaidi. Hiyo Point of Despair, yaani mahali pa kukata tamaa, inaitwa hivyo kwa sababu watu wengi hukaa chini hapo wakaamua imetosha.

Dawa yake ni kujua mapema. Mlima umejengeka kama ndovu aliyelala: mnapanda mkia, mnapita mgongo, ndipo mnafika kichwa. Mgongo una mabonde na vipandio. Kabla hamjaondoka kituoni, mwombe askari aonyeshe kichwa kiko wapi kama anga ni safi, na aseme kuna vilima vingapi kabla yake. Aliyeambiwa haumii moyo akiona kilima cha tatu.

Pale Point of Despair msikae zaidi ya dakika kumi. Vaeni sweta na koti mara tu mnaposimama, kabla jasho halijapoa. Joto hushuka kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na upepo huongeza makali yake. Kisha fanyeni ukaguzi huu wa kila mtu, mmoja mmoja:

Funga na ufungue zipu ya koti lako. Vidole vikishindwa, baridi imeanza kukuzidi. Anayejikwaa mahali pasipo na kitu, anayekokota maneno au aliyenyamaza ghafla, huyo pia. Mbadilishe nguo, mpe chakula na kitu chenye sukari, mshushe.

Kichwa kinauma? Kikiuma kidogo, mwendo upungue na maji yaongezwe. Akitapika au akiyumba, anashuka, pamoja na mwenzake na askari, wala hapewi dawa ya maumivu ili aendelee. Dawa huficha dalili, ugonjwa unabaki pale pale. Hii ndiyo faida ya askari wawili: mmoja akishuka na mgonjwa, wengine bado wana wa kwenda naye.

Tazameni saa. Ikiwa imepita saa sita na bado mko hapa, kilele si chenu leo.

## Hatua ya 8: Mgongo na kichwa

Ardhi ni ya nyasi za mafungu mafungu na vichaka, na kati ya mafungu kuna mashimo ya maji. Kanyagia pembeni ya fungu, si juu yake. Juu linapinduka na kifundo cha mguu kinakwenda nalo. Ukungu ukishuka, kila mtu amwone aliye mbele yake na aliye nyuma yake. Asiyemwona mwenzake apige filimbi, na wote wasimame.

Ngurumo ikisikika, hata ya mbali, shukeni kutoka mgongoni mara moja. Ninyi ndio kitu kirefu kuliko vyote hapo juu.

Saa saba mchana ni mpaka. Ikigonga mkiwa mita mia mbili kutoka kileleni, mnageuka. Nakuomba uliseme hili kwa sauti mbele ya kikundi kizima asubuhi, kituoni, kila mtu akubali. Ukisubiri kulisema huko juu, aliyechoka zaidi atataka kurudi, aliye na nguvu atataka kuendelea, na mtabishana kwenye upepo.

Mkifika, badilisheni nguo za juu sasa: huu ndio wakati wa ule mfuko. Kuleni, pigeni picha, na ndani ya nusu saa muwe mnaondoka. Siku ikiwa safi, Kinangop, mita 3,906, inasimama kaskazini, na utaona ni kiasi gani cha Aberdare bado hujakanyaga.

## Hatua ya 9: Kushuka

Ajali nyingi hutokea hapa. Kabla hamjaondoka kileleni, fungua kamba za buti zote, gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma, kisha kaza kamba sana sehemu ya kifundo na wastani kwenye vidole. Usipofanya hivyo vidole vitagonga mbele kwa saa tatu, na kucha zitageuka nyeusi.

Fimbo itangulie, mguu ufuate. Hatua ziwe fupi. Kwenye mianzi mpangilio ubaki ule ule, askari mbele na nyuma, hata kama watu wamenusa nyumbani. Tochi zitolewe mkobani kabla giza halijaingia, maana ndani ya mianzi giza huwahi.

Hesabuni watu mkitoka kwenye mianzi, na tena kituoni. Mjulisheni askari kwamba wote wamefika, na mpigieni yule mliyemwachia ratiba Nairobi. Mtu huyo lazima awepo, akiwa na majina yenu na saa ambayo asipopigiwa atatafuta msaada: 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199.

## Milima mingine kwa mpango huu huu

Kipipiri, mita 3,349, ina mianzi na tope kama hili, na ni zoezi zuri kabla ya kurudi Elephant Hill kama ulishindwa. Satima, kilele cha juu kuliko vyote Aberdare, hukaribia mita 4,000. Usilale usiku mmoja tu huko, lala miwili.

Ololokwe ya Samburu hugeuza kila kitu: adui ni jua. Unaanza gizani ili uwe juu kabla ya saa tatu, na maji ni lita nne au zaidi.

Kasigau, karibu na Voi, ina mita 1,641 tu, lakini unaanzia chini kwenye joto na kuingia kwenye msitu wa ukungu. Beba vazi la hali zote mbili.

Kisiwani, kama Mfangano katika Ziwa Victoria, saa ya kurudi haipangwi na jua, inapangwa na boti. Ukishuka gatini kutoka Mbita, kabla ya kuuliza njia ya mlimani, uliza boti ya mwisho inaondoka saa ngapi, kisha uulize mtu wa pili. Upepo wa ziwa huchafua maji alasiri, na nahodha akiona mawimbi anaweza kuondoka mapema au asiondoke kabisa. Kwa hiyo panga kulala kisiwani, panda alfajiri, na vaa jaketi la kuokolea ukiwa bado umesimama gatini.